Kitambaa Kwenye Kamera

Mwanangu kifungua mimba,

Nakuandikia hapa dukani, karatasi nimeiweka juu ya cherehani, na kila mlango ukilia nashtuka. Laptop uliyotutumia tumeiwasha. Ilitaka lugha, ikataka nchi, ikataka neno la siri, mpaka nikaiuliza, "Wewe ni mashine au mkwe?" Nami kwa ufundi wangu nikaishonea koti la sponji lisilopitisha vumbi, nikaliziba pande zote. Ikachemka, ikazima. Kumbe yale matundu ya pembeni ndiyo pua yake! Koti nimelifumua.

Unasema kamera imekufa, niipeleke kwa fundi. Acha. Kamera ni nzima. Nimeibandika kipande cha bitana nyeusi, kwa amri ya baba yako. Nilikwambia ana mafua, lakini alianguka bafuni, mdomo ukaenda upande, na maneno hayamtoki. Hataki umwone. Ukipiga simu kwenye laptop, anakaa ubavuni mwangu anakusikiliza. Na ule ujumbe mfupi unaoucheka, eti mzee siku hizi bahili wa maneno, anaubonyeza mwenyewe, herufi moja moja, kwa mkono wa kushoto.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye laptop habanduki, angeyasoma haya. Jana nilimwona ameandika "njoo." Akaitazama weee, kisha akaifuta.

Yangu ni ya wino, haifutiki. Njoo.

Mama yako