Aliyewalisha Nyenje

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wanao, na kwamba goti lako limepata nafuu, ikiwa umekubali kupumzika kama ulivyoambiwa. Mimi sijambo. Mama naye anakula vizuri na analala vizuri, ila nina mengine juu yake, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Usishangae kwamba sikupiga simu. Akisikia naongea na wewe huja kukaa karibu yangu, na haya siwezi kuyasema huku ananitazama mdomoni.

Nianzie kazini, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia. Najua bado unawaambia watu kwamba dada yako anachunga wadudu. Cheka tu. Nyenje wetu wanakaa kwenye makreti ya plastiki, tumewapangia trei za mayai wajifiche ndani yake, na kwa kabichi wanawashinda mbuzi. Wakikomaa tunawagandisha, tunawachemsha, tunawakausha na kuwasaga. Unga wao hauliwi peke yake. Mwokaji mikate tunayemuuzia anauchanganya kidogo tu na unga wa ngano, na mkate wake haukauki upesi, tena mtoto akiula asubuhi hasumbui kwa njaa mpaka mchana. Ndiyo maana anatununulia, na sisi tunapata mshahara kwa sababu yake.

Kuna sharti moja lisilo na msamaha. Nyenje wanaokaribia kuvunwa wanashindishwa njaa mchana kutwa na usiku kucha, wanapewa maji tu kwenye pamba, ili matumbo yao yawe matupu. Wakivunwa wameshiba, unga unatoka mweusi na mchungu. Kreti la wenye njaa tunalifunga kitambaa chekundu ili mtu asijisahau.

Mwezi uliopita mwokaji alirudisha magunia, akasema wateja wanamuuliza ametia nini kwenye mkate. Tukaomba radhi, tukampelekea unga mwingine. Huo nao akaurudisha. Safari hii alikuja mwenyewe, akaweka mkate mezani kwa bosi, akasema ukiwa mchungu tena atahamia unga wa soya, na hataki ugomvi na mtu. Bosi wetu tunamwita Daktari, ingawa hajawahi kumpima mtu homa. Usomi wake ni wa vyakula. Ni mwanamke asiyepiga kelele, na ndiyo sababu tunamwogopa. Alimtoa nyenje mmoja kwenye friza, akampasua kwa wembe, akatuonyesha kabichi tumboni. Akasema kuna mtu anawalisha kwa siri, na mtu huyo anajua anachofanya.

Macho yote yakamwendea Kufuli. Huyu ni mlinzi wetu, ana funguo za vyumba vyote, na jina limetoka hapo. Mchana tukienda kula, yeye ndiye anayebaki. Isitoshe alikuwa amegombana na Daktari juu ya likizo, kwa hiyo watu wakaanza kunong'ona kwamba lisemwalo lipo. Daktari akatangaza kwamba aliyefanya ajitaje kabla ya Ijumaa, la sivyo Kufuli arudishe funguo na aende zake. Kufuli hakujitetea. Alisema tu kwamba mkewe ni mjamzito.

Sasa utaniuliza Mama anaingiaje hapa. Tangu jirani aliyekuwa akimwangalia ahame, huwa naenda naye kazini. Daktari aliruhusu. Anakaa kwenye chumba cha nyenje akichambua majani ya kabichi, wenzangu wanamwita Bibi, na mchana namwachia chakula chake palepale kwa sababu kutembea kunamchosha. Nilipokuambia ulicheka, ukasema Mama ameajiriwa uzeeni.

Jumanne nilirudi mapema kufuata miwani. Vitambaa vyekundu vilikuwa mezani, vimekunjwa vizuri kama nguo za kwenda safari. Mama alikuwa ameinama juu ya kreti, akidondosha majani moja moja. Nikamuuliza kwa sauti ya chini anafanya nini.

"Hawa hawajala tangu jana," akanijibu. "Wasikie wanavyolia."

Nikamweleza kila kitu, habari ya unga, ya mwokaji, ya Kufuli. Akashika mdomo, akasikitika sana, akaapa kwamba hatarudia. Nikayaokota majani, nikafunga vitambaa, nikajiambia ni huruma tu. Wewe unamjua, hakuna aliyewahi kutoka mlangoni kwake na njaa. Yakaisha, nilidhani.

Jumatano nilijificha nyuma ya friza wenzangu walipotoka. Nilijionea aibu, mtu mzima kumvizia mamake mzazi. Mama alikula, akanawa, akatazama vile vitambaa. Kisha akavifungua, kimoja kimoja, akavikunja, akaanza kulisha. Nilipojitokeza na kumkumbusha kiapo cha jana, alinishangaa, jani la kabichi likiwa bado mkononi. Akaniuliza kiapo gani, kwani yeye ndiyo kwanza leo anaingia chumba hiki. Hakuwa anadanganya, kaka. Mama hajui kudanganya, na usoni hakuwa na hata chembe ya hila.

Tangu hapo sikupata usingizi. Nikisema, Mama atafukuzwa pale, na nyumbani hana wa kukaa naye, kwa hiyo kazi yangu imekwisha. Nikinyamaza, Kufuli amekwisha. Alhamisi nzima nilipishana naye langoni, akanisalimu kama kawaida, nami nikaitikia nikitazama chini.

Ijumaa tulikusanyika. Kufuli aliweka funguo mezani, akaanza kueleza ufunguo upi ni wa mlango gani, ili atakayemfuata asipate tabu. Alipofika kwenye ule wa chumba cha nyenje nilishindwa kuvumilia.

"Ni mama yangu," nikasema. "Hakufanya kwa ubaya. Anasahau."

Ndiyo mara ya kwanza nimelitamka neno hilo mbele ya watu. Daktari alimwomba Kufuli radhi mbele yetu sote, akamsukumia funguo zake. Mimi akaniambia Mama asiingie tena kwenye chumba kile, na kwamba nipumzike mpaka nipate mtu wa kukaa naye, lakini nafasi yangu hawezi kuiacha wazi muda mrefu. Hakusema kwa ukali. Kufuli alinifuata hadi langoni, akaniambia ningemweleza mapema angekaa naye yeye mwenyewe, kwani kuna ubaya gani.

Kaka, kila nikikudokezea unaniambia Mama mzima, mbona ukipiga simu anakuuliza habari zote. Ni kweli. Anakuuliza hali, anauliza watoto, anauliza kazi, anakuombea dua. Salamu hazijamtoka. Ukishakata simu, ananigeukia na kuniuliza yule alikuwa nani. Nimelificha hilo muda mrefu, kwa sababu nilijua litakuumiza, na nilidhani nitaweza peke yangu. Siwezi. Njoo, umwone kwa macho yako, tukae tuamue. Tuko wawili tu, na huyu ni mama yetu sote.

Msalimie sana wifi, na wanao uwaambie shangazi yao anawapenda. Nilimwambia Mama kwamba nakuandikia, nikamuuliza nimtilie salamu gani. Akafikiri, akasema nikusalimu sana. Kisha akanishika mkono, akaniomba nikimaliza hii nimwandikie na binti yake pia, yule mdogo wako, aje amtazame, kwani ni siku nyingi hajamwona.

Nimemwambia nitamwandikia.

Ndimi mdogo wako