Magoti ya Senta

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia kutoka kijiji cha Itaka, kikombe cha kahawa nimekishika kwa mikono miwili kwa sababu ya baridi.

Nimekuja kumtafsiria Mmarekani mmoja, mgeni wa kanisa. Zamani alikuwa senta wa mpira wa kikapu, yule mrefu wa kusimama chini ya goli. Njiani alinisimulia kazi yake kwa kunionyesha magoti: la kushoto liliumia akiwa chuo kikuu, la kulia akiwa ligi ya kulipwa, kisha akakaa benchi mpaka mkataba ukaisha. Hakulalamika, nami sikumpa pole.

Jana tulifika kwa bibi mwenyeji wetu. Huku mkubwa anasalimiwa kwa kupiga magoti na kupiga makofi taratibu. Mimi nilipiga. Yeye akabaki wima, na bibi akamkazia macho. Nikaanza kueleza habari za magoti. Kabla sijamaliza, Mmarekani yule alishika ukuta, akateremka kidogo kidogo mpaka akakaa chini kabisa, miguu imenyooka hadi karibu na mafiga. Akapiga makofi.

Nikamwita jirani tusaidiane kumwinua. Bibi akatukataza.

"Mwacheni. Mtu aliyeshuka kwa tabu hivyo hainuliwi kabla hajala."

Ukaletwa ugali na maharage, tukala wote pale chini.

Magoti yangu mimi ni mazima, Shangazi, na huu ni mwaka wa tatu sijaja kukusalimia. Krismasi nitandikie mkeka.

Mwanao,
Upendo