Kidoko cha Kwa Mtoro

Jumatatu, 4 Machi 2013

Kaka Elisante kapiga simu kutoka Kwa Mtoro. Mvua imenyesha, mbuzi wamezaa mapacha! Tukaongea Kisandawe, haraka haraka, maana vocha yake inaisha kama chumvi kwenye maji. Kugeuka — Nokwazi mlangoni, begi mgongoni, mdomo wazi.

"Mama! Rudia hiyo!"

Hiyo nini?

"Hiyo ya ulimi!"

Kumbe darasani wanasoma habari za wenyeji wa kwanza wa nchi hii ya baba yake, wale wawindaji waliochora swala kwenye mapango. Mwalimu Dlomo kawaambia vidoko vya Kizulu, ile milio ya ulimi, q na x na c, Wazulu waliviazima kwa watu hao. Na huko mbali Tanzania wapo watu wachache wanaopiga vidoko mpaka leo. Mtoto kaja mbio kuniuliza kama nimewahi kuwaona.

Kuwaona!

Ana miaka kumi na mmoja na hajui mama yake ni nani. Lakini angejuaje? Shuleni kwetu tulichekwa, eti Msandawe anaongea kama kuku anadonoa bati. Darasa la nne nikaacha kukiongea mbele za watu. Toka hapo Kisandawe ni cha simu tu.

Nikamwambia: mmoja wao anakupikia ugali.

Alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumanne, 5 Machi

Baba Nokwazi naye! Anakaa na Kiswahili chake cha Mazimbu, cha enzi za ukimbizi wao kwetu Tanzania, anasema: "Miaka yote hii nalala na mwenye nchi, kodi sijalipa. Sasa mimi Mzulu ndiye mhamiaji humu ndani? Mwenyeji, naomba chai."

Nikakumbuka nilivyoletwa hapa bibi harusi. Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliniambia mbele ya mashangazi niseme iqanda, yaani yai. Walitaka kucheka kidogo. Nikalitoa safi, q yote! Alidondosha kijiko. Siku ile alisema wahenga wamenileta. Mimi sikumwambia kwetu vidoko tunazaliwa navyo, nikachukua sifa.

Leo Nokwazi kanionyesha karatasi yenye nembo ya taifa. Chini kuna maneno ya lugha ya wale wa kwanza. Maana yake watu walio tofauti waungane. Na neno la kwanza linaanza na alama ya mshangao! Nikasema wamekosea, hiyo huwekwa mwisho. Hapana, anasema, hiyo ni herufi, ndiyo kidoko chenyewe.

Eish! Miaka yote naandika sauti ya kwetu sijui!

Jumatano, 6 Machi

Nimemsimulia Emérite kazini, pale Doornfontein tunaposhona sare za shule. Yeye Mrundi, mdomo hauna breki. Akazima cherehani.

"We dada! Sisi wageni tunapanga foleni ya vibali Home Affairs toka alfajiri, kumbe mwenye kutoa makaratasi yuko hapa anashona kola!"

Akapiga magoti na futi ya kupimia shingoni. "Madame, naomba kibali. Mimi na watoto watatu."

Nikamgonga mhuri wa chaki mkononi. Akaenda nao nyumbani, hakuufuta!

Halafu akawasha cherehani. Akasema kwao waliotangulia ni Batwa, na alipokuwa mtoto hakuruhusiwa kunywa kikombe kimoja nao. Akasema hajui kwa nini. Tukashona.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa.

Kazi yao ya uraia: kila mtoto aseme atafanya nini ili watu wa darasani waungane. Mmoja atafagia bila kutumwa. Mwingine atakaa na mtoto mgeni. Nokwazi kasimama akasema: mama yangu ataleta lugha ya nembo, ataisoma kama inavyosomwa, maana ni lugha yake.

Lugha yangu!

Mwalimu kafurahi mno. Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne. Watoto wakapiga makofi, hata Thabang, na huyo Thabang ndiye anayemwambia kila siku mama yako kwerekwere, neno lao la kutukana wageni kama mimi.

Nimechukua ile karatasi jikoni. Vidoko natoa, vyote. Lakini maneno — sijui hata moja. Ni kama kumpa Mswahili Kiarabu kwa sababu wote wanasema alhamisi. Nifanye nini mimi? Mwanangu kaniinua juu hivi, na ngazi haipo.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani sikusikia neno. Baada ya misa nikampigia Mwalimu Dlomo mwenyewe. Nikamwambia kweli: Kisandawe ni kingine, hiki cha nembo sikijui.

Hakukasirika. Alisema hata wataalamu wanabishana kama Wasandawe na wale wa kwanza ni ndugu. Na alisema hiki cha nembo hakuna mtu aliyebaki anayekiongea. Hata mmoja. Kilikufa na wenyewe.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Lugha nzima! Iko kwenye kila sarafu, na hakuna hata wa kumgombeza mtoto kwayo.

Mwalimu alisema njoo vilevile. Ila Nokwazi ndiye aliyeahidi, yeye ndiye awaeleze wenzake.

Nikamwambia mtoto. Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: si hakuna aliyebaki? Basi mama soma tu, nani atakukosoa?

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikasema hapana. Alilia sana. Thabang atamwita mwongo mpaka darasa la saba.

Jumatano, 13 Machi

Haongei na mimi. Chakula anakula lakini. Vyote.

Usiku nimemsikia bafuni, maji yanamwagika, anafanya mazoezi ya kidoko. Cha kwetu! Kile cha pembeni, kigumu. Anakikosea vibaya sana. Nimesimama koridoni nimeziba mdomo, furaha inanitoa machozi.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika hapa hapa darasani, najifanya nanukuu, ili mikono iwe na kazi. Kiti cha watoto! Magoti yamefika kidevuni. Nimevaa kitenge cha harusi. Emérite alinishurutisha, eti mwenye nchi haendi na sketi ya kazini.

Nokwazi kasimama mbele. Kasema: mama yangu hawezi kusoma maneno haya. Nilisema uongo bila kujua, halafu nikajua, nikataka kuendelea. Hakuna aliyebaki aliyeyanyonya kwa mama yake. Ila mama ana ya kwake.

Mwongo! — mtoto mmoja nyuma. Si Thabang.

Mwanangu hakukaa. Akapiga kidoko chake, akakikosea, akapiga tena. Darasa zima likaanza kupiga! Ulimi, ulimi, kila meza, Mwalimu Dlomo naye! Kama mvua ya mawe kwenye bati. Bati lile lile walilotuchekea, lakini leo tamu!

Thabang kanyosha mkono. Anauliza: kwa lugha ya huyo mama, kwerekwere mnasemaje?

Wenzake wanageuka kunitazama.

"Thabang!" — mwalimu. Lakini mtoto hatanii. Namwona. Anataka kujua.

Neno lipo. Nadhani kila watu wanalo lao. Letu lina kidoko ndani, na si zuri. Babu aliwaita hivyo wote waliokuja na ng'ombe wao kwetu. Mimi mwenyewe nimewahi kumwita mtu hivyo. Nikisema halipo, watapiga makofi, tutakula keki, nitaenda nyumbani mwenyeji safi.

Mwalimu anasema mama, si lazima ujibu.

Nokwazi bado yuko mbele, hajakaa. Ananiangalia mimi tu.

Nasimama, daftari mkononi. Kiti kimeninasa, kinasimama na mimi! Wanacheka wote, Thabang zaidi. Nami nacheka. Ulimi uko juu tayari kulisema lile neno la babu —