Mguu wa Irakoze haujawa tayari

Jumatatu, 25 Machi 2024
Dada Apolline, nakusalimia katika jina la Bwana. Afya yako je? Baridi ya Lemera umeizoea? Karatasi hii haitatoka mu sanduku langu, lakini nikiandika jina lako, njo kama umekaa hapa. Miaka mbili sasa, tangu ulipanda Lemera, nafundisha peke yangu kunyoosha miguu ya watoto!

Furaha iko. Mutoto Irakoze wa Luvungi amepata platri ya tano, ile bande ya chokaa inayonyoosha mguu. Mguu wa kushoto, ule aliozaliwa nao umepinda ndani, sasa unaangalia inje vizuri. Kinabaki kisigino tu, bado kiko juu. Utashuka Alhamisi, na Ijumaa tarehe kumi na mbili Aprili utamukata ule mushipa wa nyuma ya kisigino, na wanafunzi wangu sita waone. Siku kumi na nane! Nahesabu kama mutoto anayengoja Noeli.

Jumamosi, 30 Machi
Uwimana, mama wa mutoto, amekuja na mama mukwe wake. Kesho ni Pasaka, ni batizo. Bibi anasema mujukuu wake hataenda mbele ya padiri kama ukuta uliopakwa chokaa! Tulicheka sana. Kiisha Uwimana akanishika mukono: Mama Agnès, toa tu platri, Jumanne utarudisha.

Weye ungekataa. Kila siku ulisema platri ya zamani haitoke kama bande ya mupya haijalowa mu maji. Lakini batizo... Nimeitoa. Bwana anaona moyo.

Jumanne, 2 Aprili
Hawakuja.

Jumatano, 10 Aprili
Mvua ilikata barabara. Wamefika leo na pikipiki — siku kumi na moja bila platri. Mguu umerudi ndani. Si kama mwanzo, lakini umerudi.

Vainqueur, yule mwanafunzi wa domo, akamugeukia Uwimana mbele ya wote: "Mama, ni weye ulitoa? Hauna huruma na mutoto?" Uwimana akaangalia chini. Hakunitaja! Kiisha nikasema: "Muache. Ni minye nilitoa."

Noella, mwanafunzi mwingine, ndiye akauliza pole pole: "Sasa tuanzie wapi, Mama Agnès?"

"Turudi nyuma. Lowesheni bande."

Kidole gumba mbele ya kifundo, kisigino kisiguswe — vile tulifundisha pamoja. Vainqueur mwenyewe ndiye alishika mguu. Mikono yake ni mizuri kuliko kinywa chake.

Alhamisi, 11 Aprili
Platri tatu zingine, labda ine. Kesho hakuna mushipa wa kukata.

Usiku kucha nimewaza: nikinyamaza, utashuka. Tutakula samaki mukeke, utalala kwangu hapa Songo, tutasali rozari sauti mbili. Kesho utafungua ule mguu, utaona — lakini utakuwa umeshafika! Shetani anajua hata Kifuliiru, luga yetu, Dada. Na huko Lemera watoto wako wagonjwa watabaki bila muntu wa kuwatunza, sababu ya hamu yangu ya kukuona.

Saa moja ya asubuhi nimetuma mesaje: "Mguu haujawa tayari. Kosa ni langu. Usishuke."

Sasa ni saa sita. Jibu hakuna. Ile gari ya kushuka inatoka Lemera saa kumi na mbili ya asubuhi, na njiani rezo ya simu hakuna. Labda umesoma. Labda uko mu gari.

Nimeenda soko, nimenunua mukeke mbili. Usiniulize kwa nini.

Dada, uko wapi saa hii? Unijibu upesi.