Mwiko wa Bibi Pili Si Mwiko

Mama,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na mpunga umeshaingia ndani. Mimi mzima. Baridi ya Ujerumani nimeizoea, ila wiki hii nina hasira, na nitakueleza kwa mpangilio.

Jumanne nilitumwa kuandika habari za maonyesho ya vyombo vya jikoni vya kale: koleo za makaa, vipepeo vya moto, pawa, vyote vimepakwa rangi. Ndani ya kabati la kioo nikauona mwiko wa Bibi Pili, mama yako. Ule mkubwa wa pilau, ulioazimwa kwenye arusi ya Ikwiriri usirudi. Mpini una madoa matatu ya ngeu, ule udongo mwekundu, na mstari wa chokaa, na ncha imeungua upande mmoja. Kibao chake kinasema: "Chombo cha mwiko. Alama za uganga. Wanawake hawakuruhusiwa kukishika. Mchoraji hajulikani."

Nikamtafuta mwanamke anayesimamia maonyesho. Akasema dalali aliyewauzia aliuita "mwiko", nao wakatazama kamusi.

"Neno lina maana mbili," nikamwambia. "Mmechukua moja."

"Na hizo alama?"

"Za jikoni. Shughuli moja hukusanya miko ya nyumba kumi. Kila mwanamke hupaka alama yake ili wake umrudie."

"Una hakika wanawake waliushika?"

"Mwanamke amenipiga nao mgongoni."

Hakucheka. Alitaka ushahidi.

Kosa la kamusi nalisamehe. Lakini Bibi alisaga ngeu kwa mkono wake na kuupaka upya kila Ramadhani ilipokaribia. Leo watu wanasimama kuisifu kazi hiyo, na mwenye kazi anaambiwa hakuruhusiwa kuigusa.

Mwezi ujao maonyesho yanahamia mji mwingine na vibao vitachapwa upya. Habari ya kuurudisha nyumbani nitaidai baadaye. Kwanza jina lake liandikwe. Pacha wa mwiko huo unao wewe, na alama ni zilezile.

Nisalimie shangazi muuza ufuta wa Kibiti, na mjomba fundi baiskeli wa Nyamwage. Mwambie mguu wangu umepona. Dada naye msalimie, kisha mpe simu akupige picha ukipakua wali, mwiko mkononi, madoa yaonekane. Usiuoshe kwanza.

Mwanao,
Hamisi