Stempu Nne za Jenifa

Jumapili, 22 Septemba 2024

Tumerudi jana kutoka Ilemba. Mume wangu Zenon tumemwacha huko kijijini kwao, kaburi lake liko pembeni ya la mama yake. Leo siku ya sita tangu Jumatatu ile. Presha ilimkuta anafunga kamba za viatu – kimoja alikuwa ameshakimaliza.

Naandika kwenye daftari alilonunua mwenyewe bila kuligusa. Nyumba imejaa watu na sina wa kuongea naye.

Wanaume wa ukoo walikaa kikao baada ya mazishi. Shemeji Adolfu, mdogo wake Zenon, akasema Jenifa, aliye shule ya bweni, asiambiwe mpaka amalize mtihani wa kidato cha nne. Mtoto akipewa msiba wiki saba kabla ya mtihani ameharibikiwa, ndivyo alivyosema. Wote wakaitikia. Mkuu wa shule kapigiwa, naye kakubali. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake, hakuna aliyeniuliza. Na sikusema! Mwanangu wa pekee hakumzika baba yake na mimi sikufungua mdomo.

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Nimefungua sanduku la posta. Barua ya Jenifa. Shuleni kwao simu ni marufuku, kwa hiyo yeye na baba yake ni watu wa barua tangu kidato cha kwanza. Anauliza: bahasha ya Septemba imepotea njiani, au Baba amenichoka? Halafu amechora kauso kanacheka.

Kila mwezi Zenon alimtumia bahasha ya kaki. Barua, kalamu mbili, maswali ya mitihani ya zamani aliyoyatolea nakala. Miaka thelathini alikaa kaunta ya posta, hakuacha kupima hata alipostaafu. Mizani yake ndogo bado iko juu ya kabati la vyombo. Anapima, anaangalia daftari lake la viwango, anabandika stempu. Hazizidi, hazipungui. "Ikipungua ni aibu, ikizidi ni ujinga." Nilikuwa namcheka. Mwanaume mzima anagombana na karatasi!

Sasa bahasha ya Septemba iko hapa mezani. Alishaandika anwani. Ndani hamna kitu.

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Nimeandika barua mara tatu, mbili nimechoma.

Hii ya tatu inasema: hatujambo, mvua bado, cherehani imeharibika mkanda, Baba anakusalimu sana, yuko Ilemba anaangalia shamba. Na kweli yuko Ilemba. Nilipoandika hivyo nikaweka kalamu chini, nikalia mpaka Asnath wa nyumba ya pili akaja kugonga. Mnyakyusa yule hana siri wala hataki siri. Akaniambia, dada, mwambie mtoto. Kwetu Mbeya pia wanaficha, na wanaofichwa hawasahau. Nikamjibu kwa ukali kwamba yeye hana mtoto wa mtihani. Akanipikia uji wa ulezi, akaenda.

Nimemkosea. Kesho nitamwomba radhi.

Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Nina barua, kalamu mbili, mitihani ya Hesabu na Baiolojia. Kilichobaki ni stempu.

Ningeenda kaunta, wangepima na kunitajia, basi. Siwezi. Vijana wote wa pale ndio waliobeba jeneza. Nikiingia watasimama, watanipa pole, mmoja atalia na mimi nitaanguka palepale kwenye foleni. Nimefika mlangoni mara mbili. Mara zote mbili nimegeuka kama mwizi.

Kwa hiyo nimeshusha mizani mwenyewe. Nilidhani ni kazi ya dakika mbili – loo! Mara ya kwanza nilipima makaratasi nikasahau bahasha. Mara ya pili nilipima juu ya kitambaa na mizani ikakaa upande. Mara ya tatu ikasimama vizuri. Daftari la Zenon linasema uzito huo ni stempu mbili za zile kubwa. Lakini ukurasa ule una tarehe ya mwaka juzi! Viwango vikiwa vimepanda? Bahasha ikifika na upungufu, Jenifa ataitwa ofisini alipie, mbele ya wenzake. Au itarudi kwangu, baada ya wiki tatu, yeye akiendelea kungoja.

Stempu zake zipo kwenye kopo la majani ya chai. Nimebandika mbili. Nimekaa. Nimebandika mbili nyingine. Bora izidi.

Halafu nikafanya jambo la kijinga zaidi. Nilifungua barua nikaongeza mstari chini: "Bahasha hii Baba ameifunga na kuipima mwenyewe kabla ya kwenda Ilemba." Nilitaka tu afurahi.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Nimeitumbukiza kwenye sanduku la nje. Nimeondoka haraka.

Jumamosi, 26 Oktoba 2024

Misa ya arobaini. Padri alitaja jina lake vizuri. Adolfu alikuja na gunia la mahindi, akala, akaondoka na basi la mchana kuwahi kwake Ilemba. Jenifa hakuwepo.

Alhamisi, 7 Novemba 2024

Barua.

Nilijua kabla ya kuifungua. Miaka yote bahasha zake huandikwa "Kwa Baba na Mama." Hii imeandikwa jina langu peke yangu. Cornelia, basi.

Nainakili, maana ile yenyewe nimeilowesha.

"Mama, shikamoo. Bahasha imefika, asante kwa mitihani. Mama, kuna stempu nne. Zinatakiwa mbili. Baba hajawahi kuzidisha hata moja, na hizi zimebandikwa zimepinda. Wewe umesema amepima mwenyewe. Si kweli. Nimemuuliza mkuu wa shule kama nyumbani kuna shida, akaniambia nisome kwa bidii, macho yake yakawa mekundu. Mama, usinijibu kwa barua, haitawahi. Jumapili tarehe kumi matroni anaturuhusu watahiniwa wote kupiga simu nyumbani tuombewe baraka. Zamu yangu ni saa kumi jioni. Nitasema nipe Baba. Mama, tafadhali, nipe Baba. Mwanao, Jenifa."

Siku nzima sijashona kitu. Mteja wa sare kaja kachungulia kaondoka.

Amesoma stempu zangu kama mtu anavyosoma gazeti! Zenon angejivuna. Angezunguka mtaa mzima wa Mazwi akitangaza kwamba binti yake amerithi jicho la posta. Na mimi ndiye niliyemwambia mwanangu kifo cha baba yake, kwa gundi, bila kujua.

Ijumaa, 8 Novemba 2024

Nimempigia Adolfu. Nimemsomea barua yote. Nikasikia anapenga kamasi. Kisha akasema, shemeji, mtihani unaanza Jumatatu, siku tatu tu, tumefika mbali mno kurudi nyuma. Kesho anapanda basi. Ana wazo, tutaongea akifika.

Nimemuuliza wazo gani. Akasema tutaongea.

Asnath nimemwomba radhi, mwezi mzima nimechelewa. Akasema alishasahau. Hakuniambia tena la kufanya, ndipo nikatamani aniambie.

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Adolfu kafika saa tisa. Nilikuwa jikoni. Akapiga hodi – nikaangusha sufuria! Sauti ni ileile ya Zenon. Ndugu wa tumbo moja, na miaka yote sikuwahi kuitambua kwa sababu Zenon ndiye alikuwa anaongea na yeye anaitikia.

Wazo lenyewe ndilo hilo. Jenifa akisema nipe Baba, apokee yeye. Maneno machache. Mafua kidogo, mtandao unakatika, soma kwa bidii mwanangu, Mungu akubariki. Mtoto atalala, Jumatatu ataingia na akili yake yote. Akimaliza mtihani tutakwenda wote kumchukua na kumweleza.

Nikamwambia atatuchukia. Akasema atuchukie akiwa na cheti. Kaka aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya shule hii, shemeji, unataka nimwambie nini nikikutana naye? Machozi yakamtoka, mtu mzima, akayafuta kwa kofia. Si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi angekuwa mbaya.

Sikumkubalia. Sikumkatalia pia.

Jumapili, 10 Novemba 2024

Misa ya kwanza. Sikusikia mahubiri.

Saa nane. Adolfu yuko uani anajaribu. "Hujambo mwanangu. Baba yako hapa." Anakohoa, anarudia. Nimeziba masikio nikaona haya, nikayaachia.

Nikimwambia ukweli, kesho asubuhi atakaa mbele ya karatasi ya mtihani na msiba wa siku moja. Nisipomwambia, atasikia mtu amevaa sauti ya baba yake. Na huyu ni mtoto aliyegundua stempu mbili! Ataijua. Au hataijua, atafurahi, atacheka kwenye simu, na kile kicheko nitakibeba mpaka nife.

Saa tisa na nusu. Adolfu ameingia, amevua kofia, amekaa kiti cha kaka yake. Labda hakukusudia. Simu iko mezani katikati yetu. Amesema, shemeji, ikiita mimi ndiye nipokee, wewe utalia. Ni kweli nitalia.

Saa kumi kasoro tano. Mvua ya kwanza imeanza kugonga bati. Tusiposikilizana itakuwaje?

Kasoro mbili. Ameniuliza naandika nini. Nimemwambia, hesabu.

Inaita. Ni namba ya matroni. Adolfu amenyoosha mkono. Nimeifunika simu kwa kiganja changu. Inaita bado. Ananiambia, shemeji, nipe – kwa sauti ya Zenon – na mimi simpi, wala siiachi ikatike. Naweka kalamu chini, napokea mwenyewe.