Kimaiki kwenye kola ya mwalimu

Kemi uko wapi? Sikia yaliyotokea mazoezini leo.

Unakijua kile kimaiki cha kaka Jovin, kinachotuma sauti moja kwa moja kwenye mashine zake za masikio? Mazoezini mwalimu Okumu hukibana kwenye kola, ili Jovin aliye kwenye kinanda amsikie vizuri anapotoa sauti ya kuanzia.

Sasa leo mwalimu katoka nje kuongea na mwenyekiti wa kwaya. KATOKA NACHO. Hajakizima!

Jovin anatupigia utangulizi, huku masikioni, kama alivyonisimulia baadaye, anasikia kila neno la mwalimu: "Huyu kiziwi atatuaibisha. Jumapili ni sikukuu ya mtakatifu somo wa kwaya, tutafute mtu mwenye masikio yake."

Kiziwi, Kemi! Kiziwi! Miaka yote hii anatupigia! Na mikono yake haikusimama. Nilimwona tu anaangalia mlango, jasho linamtoka, nikadhani ni joto.

Mwalimu karudi anachekacheka. "Jovin, Jumapili tunakutegemea."

Jovin kanyoosha mkono. "Naomba kimaiki changu, mwalimu. Ulitoka nacho."

Mwalimu akashika kola, akabaki ameishika. "Kwani... umesikia?"

"Mashine nzuri hizi. Nimesikia hadi ulivyoguna."

Tumerudi nyumbani Buhongwa. Jovin hakai, hali, anazunguka tu uani. Mwalimu anapiga simu yangu bila kuacha, anataka kuongea naye. Nimempelekea simu mkononi.

Kasema, "Mwambie kiziwi hajasikia."